Mwamba Umelalia Upande Gani

3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kunishinda mimi. Unakula, au unatafuna penseli? Simu usipige, sisikii kitu. Lakini babu yako namsikia. Tangu mvua zianze anagonga chini ya sakafu, usawa wa kitanda. Cheka. Mwamba wa machimbo ulimfunika huko juu na hakuna aliyemtoa, sasa akagonge kwa nani kama si kwake?

Watu wa ofisi ya kata wamekuja, eti mlima utateleza, tuhame. Siondoki kwa maneno ya vijana wenye viatu visafi, nimesomesha wangu. Haya, mtazama ramani: mwamba umelalia upande gani? Jibu kwa lugha ya watu.

Bibi yako

14 Machi

Shikamoo Bibi,

Sijambo, na ninakula. Ramani ya mlima wetu iko mezani. Mwamba ni tabaka kwa tabaka, kama vitabu. Pale tabaka zinapokatiza bonde la kijito, mstari wake kwenye ramani unakunjwa kama herufi V, na ncha inaelekea juu, kijito kinakotoka. Maana yake zimeinamia ndani ya mlima, kama vitabu vilivyoegemea ukuta. Haziwezi kukuteremkia. Kaa kwako. Na huko kugonga ni maji tu, Bibi.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mjukuu wangu mwenye akili (nakusifu, usivimbe),

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma kwa sauti bombani, kila mwenye ndoo kasikia. Mama Cherehani, fundi wa nguo tunayepakana naye ukuta, alikuwa kashafunga mizigo. Nikamwambia, "Fungua, mwoga wewe! Wangu kasoma ramani." Kafungua, anashona.

Babu yako sasa anagonga hata mchana, na mlango haufungiki, umekwama juu. Nimemwambia wazi: una neno, sema; huna, lala. Hayo maji yako hayana hasira namna hii.

Bibi yako

6 Aprili

Bibi, shikamoo,

Ondoka leo. Nimekosea. Ncha ileile hutokea pia tabaka zikiinamia bondeni, ila kwa mteremko mdogo kuliko wa kijito. Nilipaswa kutafuta alama ya mwinamo: kistari chenye kijino kimoja, na kijino kinakoelekea ndiko mwamba unakoinamia. Nimekiona leo, kimejificha kwenye mkunjo wa karatasi. Kimeelekea kwenu. Mlango umekwama kwa sababu nyumba inasukumwa. Simu ya ofisi ya kata haipokelewi, barua hii nampa dereva wa lori la kokoto. Mchukue na Mama Cherehani. Tafadhali, Bibi.

Mjukuu wako

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Mimi mzima. Nipo shuleni, nalala juu ya madawati.

Nilitoka na gauni nililovaa. Nikamwambia Mama Cherehani umekosea. Akacheka: "Juzi mwoga mimi, leo mwoga wewe? Ngoja nimalize upindo." Nikamvuta mkono. Akauchomoa.

Nilikuwa nimefika barabarani mlima ulipoteremka.

Babu yako kanyamaza kabisa, na huo ukimya ndio unaoniamsha. Usiniandikie tena kwamba umekosea. Aliyepiga kelele bombani ni mimi.

Pale nyumba zilipokuwa pamebaki mwamba mtupu, laini kama meza. Wanaume wameshika sepetu, wanabishana wachimbe wapi. Nimewaambia wangoje, wangu anasoma ramani.

Kwa hiyo soma. Safari hii anza na kijino. Kimempeleka wapi Mama Cherehani?

Bibi yako