Kidumu cha Mama Kulwa

Jumanne, 9 Mei 1995

Nyumba kumi na moja leo, zote upande wa mtoni. Miguu inauma. Kila nyumba narudia maelezo yale yale niliyopewa na wageni: mradi wa utafiti unataka kujua kwa nini watu wa Migato wanaanguka ghafla, wengine wanavimba, nasi tunasema wamerogwa. Watafiti wanapima presha kwa mpira wa mkononi. Kisha kila mtu mzima anapewa kidumu cheupe chenye kifuniko, akusanye mkojo wake wote wa siku moja, asubuhi hadi asubuhi.

Kwenye mkojo ndipo watu wanapocheka, kisha wananyamaza.

Nilifundisha miaka ishirini na minane. Najua kumngoja mtu mpaka aelewe. Kwa Masunga, jirani yangu, nilikaa mpaka uji wa mtama ukapoa. Mwisho akakubali. "Mwalimu," akasema, "ulitufundisha kusoma, ukatufundisha kuhesabu. Umestaafu, sasa unatufundisha kukojoa."

Wanawe walicheka. Nami nilicheka.

Ijumaa, 12 Mei

Mkutano uwanja wa shule. Daktari Neema, kiongozi wa watafiti, binti wa umri wa wanangu, alinipa nafasi nieleze mimi. Nilichora figo ubaoni. Nikaeleza kwamba mkojo wenye povu zito lisilopasuka upesi ni dalili ya figo inayovuja. Kwamba presha huharibu figo, na figo mbovu hupandisha presha, kama watu wawili wanaosukumana kwenye ukingo wa shimo. Wenye presha ambao figo zao zinavuja watapelekwa Mwanza kwa gari la mradi, watatibiwa huko. Wenye presha peke yake watabaki hapa na ushauri wa chumvi, wapimwe tena mwakani. Kwa hiyo mkojo ndio utakaoamua.

Nilisema vizuri. Nilijisikia kama zamani.

Mama Kulwa, mke wangu, hakuja. Alikuwa shambani anachuma pamba.

Jumatatu, 15 Mei

Wamepima kwangu. Mimi presha ya kawaida. Mke wangu mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Daktari Neema alirudia mara tatu: mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena. Mama Kulwa aliutazama ule mpira kama mtu anayetazama nyoka aliyekwisha kuuawa. Akapewa kidumu namba kumi na nne. Changu kumi na tatu.

Gari lilipoondoka alikipachika kidumu chake juu ya kichanja cha vyombo. Akasema mkojo wake haulali nyumba ya watu.

Najua sababu. Kwa wazee wetu, kilichotoka mwilini ni mtu mwenyewe. Nywele, kucha, mkojo. Anayekishika amekushika wewe. Tulizaa mapacha, Kulwa na Doto. Doto yuko Mwanza. Kulwa alifariki akiwa na miaka miwili, na kitambaa chake kilikuwa kimepotea kwenye kamba ya nguo wiki ile. Mimi nilisema surua. Yeye hakubisha. Lakini tangu siku hiyo huchoma hata nywele zinazobaki kwenye kitana. Jina la Mama Kulwa limebaki, na hofu imebaki nalo.

Yote haya nayajua, na bado nilimwamuru. Sikumweleza kitu. Nilimwambia ananiaibisha. Akaendelea kupeta mchele.

Jumatano, 17 Mei

Kesho wanakuja kuchukua. Kidumu chake kikavu.

Nimetembea kijiji kizima nikiwashawishi watu. Kisha nyumba ya mshawishi irudishe kidumu kitupu? Masunga angekuwa na la kusema mpaka Krismasi.

Nimefanya hivi. Tangu asubuhi najaza vidumu viwili. Safari moja kumi na tatu, safari moja kumi na nne. Nakunywa maji mengi ili vifike pazuri. Nimejiambia mume na mke ni mwili mmoja, tumeyasikia kanisani. Nimejiambia namba moja haiwezi kuharibu utafiti wa watu wote hawa.

Ni aibu. Ila ndogo kuliko ile nyingine.

Alhamisi, 18 Mei

Wamechukua. Nimetia sahihi mara mbili. Mama Kulwa alisimama mlangoni akaviona vyote viwili vikipakiwa, vimejaa. Hakuuliza.

Jumatano, 14 Juni

Majibu. Kadi ya Mama Kulwa: presha juu, mkojo safi.

Daktari Neema alizishika kadi zetu pamoja akacheka. "Mwalimu, mikojo yenu imefanana kama mapacha. Nyinyi mnakula chungu kimoja na kunywa kikombe kimoja?"

Ningesema pale pale. Alikuwa mbele yangu, kalamu mkononi, hana haraka. Sentensi moja ingetosha. Nikacheka pamoja naye.

Wanne wanapelekwa Mwanza. Masunga ni mmoja wao, Masunga aliyedhani uso wake wa asubuhi umevimbishwa na pombe. Mke wangu amepewa karatasi: apunguze chumvi, asitie magadi kwenye mlenda. Ameikunja akaitia chini ya mtungi.

Jumamosi, 22 Julai

Pamba imeuzwa. Ghala la ushirika limefungwa, popo wamehamia. Wanunuzi binafsi wanakuja kila mmoja na lori lake na mizani yake. Wanaita soko huria. Kila kitu sasa kiko huria, na dawa pia. Lipo duka jipya la dawa barabarani, muuzaji anatoa kidonge kimoja kimoja kama karanga.

Mama Kulwa anaumwa mgongo na kichwa tangu mavuno. Muuzaji aliuliza kama mgonjwa ana tatizo la figo, maana vidonge vikali vya maumivu havifai kwa figo mbovu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikampa kadi ya mradi, kwa majivuno, kama mtu anayetoa barua ya serikali. Akasoma: safi. Akanipa pakiti nzima.

Usiku nilikumbuka kadi ile inasema habari za nani. Nikajiambia mwili wake una nguvu kuliko wangu.

Jumapili, 20 Agosti

Hakwenda kanisani. Viatu havimwingii. Ukibonyeza kifundo cha mguu, kidole kinaacha shimo. Anasema ni uzee.

Vidonge anavipenda. Anameza viwili viwili.

Jumatatu, 11 Septemba

Masunga amerudi. Presha yake imeshuka, anameza dawa kwa saa, amenunua na saa kwa ajili hiyo. Alikuja kusalimia akiwa na mzaha wake mdomoni. Akamwona mke wangu, mzaha ukaisha.

Akanisindikiza mpaka zizini. "Mwalimu, mayu, mama yetu, ana uso niliokuwa nao mimi."

Nikamjibu kuwa alipimwa, mkojo wake safi. Nilisema kwa sauti ya darasani. Namchukia mtu aliyesema vile, na mtu huyo ni mimi.

Alhamisi, 14 Septemba

Tumekwenda Bariadi, juu ya majunia ya pamba katika lori la mnunuzi. Mama Kulwa alijifunika kitenge usoni njia nzima.

Hospitali sasa wagonjwa wanachangia, dirisha la malipo kwanza, daktari baadaye. Daktari wa zamu alimpima kwa makini. Akaniuliza kama amewahi kupimwa mkojo. Mama Kulwa akanitazama. Nikatoa kadi. Daktari akasoma, akasema basi figo tuziache, tutafute kwenye moyo. Akaandika.

Nilimwona anaandika. Nikanyamaza.

Mei nilidanganya kwa sababu ya Masunga na watu wa kijiji. Leo hapakuwa na mtu wa kijiji. Palikuwa na daktari mgeni, mke wangu na mimi. Leo sina hata kisingizio.

Jumatano, 4 Oktoba

Anatapika. Ngozi inamwasha, anajikuna mpaka damu. Ugali anasema unanuka chuma.

Tumerudi Bariadi, daktari yule yule. Mama Kulwa alikuwa nje kwenye benchi. Nikamwambia daktari: mkojo wa kwenye kadi ni wangu. Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Mzee, na vile vidonge vya maumivu, amemeza kwa muda gani?" Nikahesabu. Wiki kumi.

Akamtuma muuguzi na kikopo. Nilijua atakataa. Nilikwisha kuandaa maneno.

Hakukataa. Alikwenda, akarudi nacho amekifunika kwa ncha ya kitenge, akamkabidhi.

Kwenye benchi nilimuuliza imekuwaje leo ametoa. Akasema muuguzi amemwambia, "Mayu, mkojo wako utapimwa ukiona, na utamwagwa ukiona." Ndivyo ilivyokuwa. Kijiti kikatumbukizwa mbele yake, kikabadilika rangi, kikopo kikamwagwa chooni yeye amesimama mlangoni. Basi. Maneno ya pumzi moja. Mimi nilikuwa na ubao, chaki na miaka ishirini na minane.

Kisha akasema povu limekuwa lile lile. Povu gani? Akasema povu kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, analo tangu pamba ya mwaka juzi. Hakuniambia. Mambo hayo mwanamke haanzi yeye kumwambia mume, na mume hakuuliza.

Povu. Nililichora ubaoni kwa chaki nyeupe, kijiji kizima kikaliona.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mwanza. Doto alitupokea. Madaktari wawili wamemwona. Figo zote mbili zimesinyaa. Presha ilizila polepole kwa miaka, vidonge vikamalizia. Nimezoea kueleza, leo nilielezwa, nikakaa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mashine ya kuosha damu ipo duniani, haipo njiani kwetu. Arudi nyumbani. Chumvi hapana. Maji vikombe viwili kwa siku, asizidishe.

Mkubwa wao akaanza kusema, "Mngemleta mwezi wa tano..." Akanitazama, hakumaliza.

Nilikwenda peke yangu ofisi ya mradi. Nikamwambia Daktari Neema yote. Alifungua daftari kubwa, akapiga mstari kwenye kumi na tatu, akapiga kwenye kumi na nne. Yangu pia, kwa kuwa hawezi tena kujua ni nini kilikuwa ndani ya nini. Kwa hiyo katika utafiti wao mke wangu hayumo. Hana presha, hana figo, hakuzaliwa.

Aliniuliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Nilikuwa na jibu refu. Nilimuaga.

Jumapili, 5 Novemba

Leo nimejua jambo baya kuliko yote.

Alikuwa ameketi kivulini mwa ghala letu la nafaka, nikimpaka mafuta migongoni mwa miguu. Akaniomba niende Mwanza nikamrudishie kidumu chake. Nikauliza kidumu gani. Akasema kile nilichomwibia.

Mei alikiona kimejaa. Akaamini nimezoa mkojo wake kwenye kopo la usiku alipokuwa shambani, nikawapa wageni. Tangu siku ile anangoja kuugua. Alipovimba hakushangaa. Miezi sita amelala kitanda kimoja na mtu anayeamini amemuuza, akanipikia, akaniwekea maji ya kuoga, hakunena neno. Ndiyo maana karatasi ya chumvi ilikaa chini ya mtungi. Kwa mtu aliyekwisha kushikwa, chumvi ni nini?

Nilisema nitakwenda. Uongo mwingine.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua ya kwanza jana. Udongo unanukia. Doto amekuja na mkewe, wanalima jaruba la mpunga.

Asubuhi nimemwambia. Nilianza na mradi, nikaona naelekea kwenye maelezo, nikaacha. Nikasema: kidumu kile nilikijaza mimi. Mkojo ulikuwa wangu, katika vidumu vyote viwili. Wako haujawahi kutoka katika nyumba hii. Na kwa sababu hiyo hawakuuona ugonjwa wako.

Nilingoja. Nilidhani nimezoea kungoja.

Sehemu ya mwisho sidhani kama aliisikia, au aliisikia akaiweka pembeni. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Akasema, "Kumbe waliyemshika ni wewe." Akacheka kidogo, kicheko chake cha zamani, akajishika ubavu. "Pole, baba Kulwa."

Amenipa pole.

Mchana amelala vizuri, mara ya kwanza tangu Agosti. Nimempimia maji. Vikombe viwili. Amekunywa kimoja, cha pili ameomba nikiweke karibu na mlango, akione.