Shavu la Baba

Kwako Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na pole kwa kazi na kwa hiyo baridi inayokutesa magoti. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, mkono unapona vizuri, na bandeji anabadilisha mwenyewe kwa sababu anasema mimi namfunga kama mzigo wa kuni. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Kaka. Ni uchovu ule wa kuketi uvue viatu, halafu ukasahau umeketi kwa nini.

Barua yako tumeipata. Niliisoma peke yangu kwanza, ndipo nikawasomea wazazi nikiruka zile sehemu kali, na Mama akajua naruka. Umesema utakuja mwisho wa mwezi umchukue Baba akae kwako, na tanuri libomolewe, kwa kuwa mzee amepoteza hesabu za udongo na atatuua. Najua habari umezipata kwa shangazi, na shangazi hawezi kusimulia kitu bila kutia chumvi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Tangu Baba apate kile kiharusi mwaka jana, kazi ya matofali ya kuhimili moto tunaifanya pamoja hapa uani. Nikitoka kiwandani, ambako nashona kola za mashati tangu asubuhi, nabadilisha nguo na kuingia kwenye udongo. Ndoo tatu za udongo mweupe, mbili za vumbi la mbao kutoka kwa seremala, na moja ya matofali mabovu ya zamani, ambayo Mama huyatwanga huku akinung'unika kwamba aliolewa na mwanamume, hakuolewa na kinu. Baba hukaa kwenye kiti chake akitoa amri: ongeza maji, sasa yamezidi, kanda, kanda kama una hasira na mtu. Hata nguvu za kumkasirikia mtu sina. Vumbi la mbao likishaungua humo tanurini, tofali hubaki jepesi, lina vitundu vidogo, na linakaa na moto miaka na miaka. Hayo unayajua, umekua nayo.

Unajua pia kwamba tofali likibaki na maji ndani, moto unalilipua. Ndiyo maana tunayaanika kivulini wiki tano, na ndiyo maana Baba huyapima moja moja kwa shavu lake. Likiwa na ubaridi, bado bichi, linarudi kivulini. Na ni shavu la kulia siku zote. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukimcheka kwamba anayabusu kuliko anavyombusu Mama.

Sasa Jumamosi ile tulikuwa na matofali sitini ya mwoka mikate mmoja ambaye tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu kila akija anauliza kama ni kesho. Wiki hiyo alikuja mara tatu. Jiko lake limebomoka na wateja wanamhama. Matofali yalikuwa na wiki nne tu, tena wiki za mvua. Baba akayapima yote, akasema yamekauka. Tukayapanga, tukawasha. Kabla ya adhuhuri yakaanza kulipuka, yakang'oa mlango wa tanuri, na kipande cha moto kikampata Mama mkononi akianua nguo.

Baba hakujitetea hata kidogo. Mbele ya majirani wote alimwambia Bwana Kesho kwamba kosa ni lake, uzee umemshika, atafute fundi mwingine. Tangu hapo hajagusa udongo. Hulala ameelekea ukutani mchana kutwa. Aliposikia barua yako hakubisha, alimwomba Mama amkunjie nguo.

Kaka, nina jambo linalonisuta wiki ya pili sasa. Baba hakupoteza hesabu yoyote. Lile shavu lake la kulia halina hisia tangu augue. Nililijua mapema, nilipoona chai ya moto inamchuruzika upande huo na yeye anaendelea na maneno yake. Utasema si angegeuza tu la kushoto. Ungemwambia wewe? Hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa imebaki mikononi mwake, na mimi sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Kwa hiyo nilimwacha apime, akishaingia ndani kupumzika nayapitia yote kwa shavu langu, mabichi nayarudisha kivulini kimyakimya. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Jumamosi ile sikufanya. Nilikuwa nimetoka kwenye zamu mbili mfululizo, nikayatazama yale matofali sitini, nikajiambia leo basi. Wala sikusahau. Nilichoka, nikaacha. Aliyemuunguza Mama ni mimi.

Jana alasiri nilijikaza nikamwambia Baba. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda nikasema yote bila kumtazama. Nilisikia akigeuka kutoka ukutani. Kisha akasema kwamba alijua shavu limekufa, alijua tangu siku aliyojikata kwa wembe na hakuhisi kitu mpaka alipoona damu kwenye taulo. Alikuwa akinisikia nikiyapitia matofali nyuma yake, akaona aibu kulitaja, akadhani ndivyo tulivyopatana. Tofali la kwanza lilipolipuka alielewa papo hapo kwamba siku hiyo sikuyapitia. Ndipo akasimama mbele ya majirani na kusema kosa ni lake.

Nilimuuliza kwa nini alinibebea. Yeye akaniuliza kama Jumamosi ile nilikuwa nimechoka sana. Nikasema ndiyo, Baba, sana. Akasema ningemwambia tu, tungesubiri wiki moja.

Nililia, Kaka, na hadi sasa naandika macho yamevimba. Usije kumchukua. Ukitaka kumgombeza mtu, nigombeze mimi, nitastahimili. Bwana Kesho nitamfuata mwenyewe kesho, na majirani nitawaambia, yeyote atakayenisikiliza. Mama bado hajui. Anachambua maharage hapo nje, na nikishafunga bahasha hii nakwenda kukaa naye. Yeye ndiye ninayemwogopa kuliko ninyi nyote.

Nisalimie wifi, wapapase watoto vichwani kwa niaba yangu, na uyafunge hayo magoti vizuri. Tuandikie hata kama una hasira.

Ni mimi mdogo wako, niliyekosa.