Mayai Ambayo Hukuyala

Mpendwa Mama Kabula,

Nakuita kwa jina ambalo hukuwahi kuitwa. Kabula ni binti yetu, ana miaka saba sasa. Tulimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, siku ile ile uliyotutoka.

Banda la kuku tulilojenga niliporudi kutoka mgodini Mwadui bado limesimama. Unakumbuka tulivyowatoa vifaranga wale weupe kituo cha basi? Mimi nakokota baiskeli yenye boksi, wewe unafuata nyuma ukiwafunika kwa khanga jua lisiwachome. Walipoanza kutaga, uliyapanga mayai kwenye kapu la pumba, ncha chini, ukanikataza nisiyaguse kwa mikono yangu mizito. Kazi yangu ilikuwa kuyapeleka misheni Ushirombo kila Jumamosi, na njiani nilipiga kengele ya baiskeli hata pasipo na mtu.

Bustani nayo ulikuwa umeshaipanga. Uliipima kwa nyayo nyuma ya banda, ili mbolea isitoke mbali, ukachomeka vijiti: hapa mchicha, pale nyanya, mpapai pembeni. Uliniomba uzio wa minyaa tu, maana kuku wangefukua kila mbegu. Nikakwambia usubiri tuvune pamba.

Mimba ilipofika miezi sita nilikupakia baiskeli hadi zahanati. Sista alifunua kope zako, akatazama viganja, akauliza nyumbani tunafuga nini. Nilijibu mimi, kwa kujidai, kwamba tuna kuku wa mayai. Akasema damu yako ni kidogo, basi ule yai kila siku na mchicha kwa wingi. Njia nzima tulicheka kwamba dawa yenyewe iko bandani kwetu.

Mayu, mama yangu, hakucheka. Alisema mjamzito hali mayai, mtoto atazaliwa hana nywele, na katika mji wake jambo hilo halijawahi kutokea. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kisha ukanigeukia mimi.

"Na wewe unasemaje?"

"Mama ameshasema," nikajibu, nikaenda kuwawekea kuku maji.

Maneno hayo mawili ndiyo ninayolala nayo. Habari ya nywele sikuiamini hata kidogo. Niliogopa tu kuonekana mwana anayempinga mama yake kwa ajili ya mke, na woga huo ukawa mkubwa kuliko wewe. Miezi iliyofuata uliyaokota mayai yote, ukayapanga, ukanikabidhi. Hukuficha hata moja. Siku nyingine ulisimama katikati ya banda umeshika nguzo, ukisubiri kizunguzungu kipite, halafu unaendelea kuokota. Nilikuwa nakuona, mke wangu. Nilikuwa nakuona na kapu nikalipokea.

Mkunga alisema ilitoka damu nyingi, na wewe hukuwa nayo ya kupoteza. Kabula alizaliwa hana unywele hata mmoja.

Uzio niliujenga wiki moja baada ya matanga. Vijiti vyako nilivikuta palepale. Mchicha unastawi mpaka tunawagawia majirani, lakini mimi haunipiti kooni.

Sikuwahi kumlaumu mama, wala yeye hakuwahi kuligusa jambo hili. Ila jana Kabula aliamka na homa, akakataa uji. Niliporudi kutoka shamba nikamkuta mama jikoni, mtoto mapajani, anamenya yai la kuchemsha kwa vidole vyake vinavyotetemeka siku hizi. Akalipuliza, akalikata kipande.

"Kula, mjukuu wangu, upate damu."

Kisha akainua macho, akaniona mlangoni. Akayainamisha. Mimi nikaondoka, nikaenda kusimama bandani, nikaishika nguzo ile uliyokuwa ukiishika.

Mtoto alilila lote, akaomba jingine, naye akampa. Nilitaka ujue hilo, na nilitaka ulisikie kwangu.

Lala, Mama Kabula. Sikuombi unisamehe leo.

Mumeo,
Baba Kabula