Alhamisi za Kizuka

Papa mpendwa,

Kesho Jumamosi tunaondoa matanga yako. Mwaka umetimia. Hema limeshasimamishwa uani, viti vimefika, na binamu zako wa Gitaza wameleta ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, mifuko miwili. Nimeifungua yote miwili kuangalia kama chini hawakuchanganya mchanga. Hawakuchanganya. Lakini unanijua.

Unajua pia kinachofanyika siku hiyo. Msemaji wa familia atasimama, atatutaja watoto wako mmoja mmoja, kisha atauliza mbele ya watu wote: kuna mtoto mwingine wa marehemu ambaye hatujamtaja? Swali hilo limeninyima raha mwaka mzima. Mama atakuwa amekaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, majirani wote wakimtazama. Na mimi, mtoto wako wa kwanza, nilikuwa na jibu lake. Nimelificha tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

Wewe ndiye uliyenifundisha kushuku, kwa hiyo usinilaumu peke yangu. Hospitalini kazi yako ilikuwa kupansa: kufungua vidonda vya watu, kuviosha, kuvifunga upya. Kila bandeji uliyoivua uliinusa kabla ya kuitupa. "Mugonjwa atasema amepona ili umuache aende," ulikuwa ukituambia, "lakini bandeji haijui kudanganya." Nyumbani ukawa hivyo hivyo. Unarudi jioni na harufu ya dawa kwenye shati, unatupanga mlangoni, unatunusa vichwa. "Wewe ulikuwa ku ziwa. Wewe umekula mapera ya watu." Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Leo nauza mafuta ya mawese sokoni Rumonge, na hakuna bidoni inayoingia kwangu kabla sijaifungua, nikainusa, nikaitikisa. Wenzangu wananiita Polisi, na wala siudhiki.

Lakini ulitupenda, hilo sijawahi kulishuku. Siku ya mtihani wangu wa mwisho wa shule ya msingi mvua ilinyesha kama imetumwa. Ulinifunga mgongoni lile koti lako zito la jeshini, ukanipakia kwenye baiskeli, ukakanyaga pedali mpaka shuleni huku wewe mwenyewe umelowa chapachapa. Ukasimama dirishani mpaka mwalimu akakufukuza. Niliona haya sana siku ile, na nilijivuna pia.

Koti hilo ndilo kitu pekee tulichojua kuhusu jeshi lako. Siku moja mdogo wangu alikuuliza mezani, "Papa, ku vita uliua watu?" Ukainuka, ukaenda kunawa mikono ambayo ulikuwa umeshanawa, ukarudi ukasema, "Kuleni." Tukala.

Basi zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi kazi yako iliisha saa sita, nami nilijua, kwa sababu mama wa mwenzangu wa darasani alikuwa akifagia palepale hospitalini. Lakini ulifika nyumbani jua likizama, na mkate kwenye karatasi ya kaki. "Papa, unatoka wapi?" "Ku kazi." Machale yakanicheza. Nikaanza kukutazama unavyofua shati lako mwenyewe Alhamisi jioni, wewe ambaye siku nyingine zote ulimwachia Mama.

Alhamisi moja nilikuwa nimetumwa kwa shangazi, kijijini Kizuka, kuchukua mawese. Nikaona baiskeli yako imeegemezwa kwenye nyumba ya matofali pembeni mwa michikichi, ile yenye kitambaa chekundu kwenye tandiko. Nikachungulia. Viatu vyako viko mlangoni. Wewe umekaa kwenye mkeka, mikono ya shati imekunjwa, na mwanamke mmoja, si mzee, anakuletea beseni la maji ya moto na taulo begani. Mtoto wa kike amekuning'inia shingoni, mkononi ana kipande cha mkate kwenye karatasi ya kaki. Ile ile karatasi yetu! Sikungoja kuona zaidi. Nilikimbia mpaka barabarani, na mawese ya shangazi nikayasahau. Nilichapwa kwa ajili hiyo na sikusema kitu.

Niambie, Papa, wewe ungefikiri nini? Mwanaume amevua viatu, mwanamke anamletea maji, mtoto yuko shingoni. Kwetu hapa hiyo ni nyumba ya mtu.

Tangu siku ile mkate wa Alhamisi sikuugusa. Ulidhani tumbo linaniuma, ukaninunulia dawa ya minyoo. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, na kila uliponibebea mwanangu nilikuwa najiuliza na kule umebeba wangapi. Nilikuwa mkali kwako, najua. Ukiniita naitika nusu. Ukitania sicheki. Mama sikumwambia, nilimhurumia mno.

Halafu ukaugua. Ulikuwa kitandani, umekwisha, macho tu ndiyo makubwa. Ukanishika mkono. "Fidesi, Alhamisi unisaidie kitu kimoja. Ufike Kizuka kwa ajili yangu." Miaka yote ile ikanipanda kichwani. Nikakuambia, "Watoto wako wa Kizuka wana miguu. Waje wenyewe." Nilingoja ukane, ukasirike, unitukane hata. Ukasema, "Sawa, mwanangu," ukageukia ukutani. Haukupita muda tukakuzika.

Makaburini nilimwona yule mwanamke, sasa mvi zimemjaa, amesimama nyuma kabisa na binti mtu mzima. Tuliporudi nyumbani nikahakikisha soda inawapita. Ndiyo, mimi. Nilimwambia mgawaji, wale wawili waruke.

Wiki hii sikulala vizuri. Nikasema, nisingoje waje kunishtukiza Jumamosi mbele ya Mama. Nitawafuata kwao, niwaulize wako wangapi na wanataka nini. Jana, Alhamisi, nikapanda basi dogo, nikashuka, nikatembea kwenye michikichi nikijipanga maneno. Maneno mabaya, Papa, yamepangika vizuri.

Mwanamke akanifungulia. "Amahoro, mutoto wa Muganga," akanisalimu, kama vile siku ile ya soda haikuwapo. "Ingia. Mzee iko ndani."

Mzee? Mzee gani tena?

Kwenye mkeka alikuwa amekaa mwanaume wa makamo yako, mguu mmoja ameunyoosha. Anaitwa Silivesta. Yule mwanamke ni mkewe, wa ndoa ya kanisani, na binti ni wao, anafanana na baba yake mpaka masikio. Chini ya goti la Silivesta kuna kidonda ambacho nisingependa kukieleza. Kinafunga miezi miwili, kinafunguka tena. Mke wake akaleta beseni, akavua bandeji, akainusa. Nilipoona vile nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Baba yako ndiye alimufundisha," Silivesta akasema. "Alipoona yeye mwenyewe hataweza tena kuja."

Nikauliza mguu ulipatwa na nini. Akaniambia ni risasi. Wakati wa vita, asubuhi, alikuwa anakata chikichi hapo nyuma ya nyumba, wanaume wenye bunduki na makoti ya jeshi wakapita, akakimbia. Hakumwona aliyepiga. Miaka ikapita, akaenda hospitali ya Rumonge, akamkuta muganga mpya.

"Akanipansa. Akaniuliza, ilikuwa wapi? Nikamuambia, Kizuka, huku ku michikichi. Akauliza, mwezi gani? Asubuhi ao jioni? Ulikuwa umevaa nini? Nikashangaa, muganga gani anauliza nguo? Nikamuambia, shati ya njano. Akaenda kunawa mikono, na alikuwa ameshanawa. Alhamisi ile nyingine nikaona baiskeli hapa."

"Na hukumwuliza kwa nini anakuja?"

"Mutu anakuosha mguu miaka yote hii, akivua viatu ku mulango wako. Utamuuliza nini?" Akacheka kidogo. "Yeye hakuniambia. Mimi sikumuuliza. Murakoze, asante kufika, mutoto yangu."

Yale maneno niliyoyapanga nilirudi nayo yote. Nilimwosha Silivesta mguu ule mwingine, ule mzima, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu. Hakunikataza.

Leo asubuhi nilimweleza Mama kila kitu, tangu siku ya beseni. Alikuwa anachambua ndagala. Alinitazama kama mtu aliyeona mwendawazimu.

"Silivesta? Kwani nani alikuwa anachemsha zile bandeji zake kila Jumatano? Sufuria ile nyeusi niliyokukataza kupikia, ulidhani ya nini?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Na yeye alijua wewe unafikiria nini. Shangazi yako alituambia ulikimbia Kizuka bila mawese, baba yako akaelewa palepale. Nilimuambia mara nyingi: muite mutoto, umueleze. Hakutaka." Mama akaacha kuchambua. "Alisema, 'Muache na ile. Ile iko nyepesi.'"

Akarudi kwenye ndagala zake. Mimi nikatoka nje nikakaa nyuma ya hema, nikalia kama mtoto, Papa, kwa kelele.

Ningeweza kuuliza zaidi. Mama anajua, naona anajua. Pua yangu hii uliyonipa inaniambia kuna nini nyuma ya lile shati la njano, na bado sina ushahidi, na najishuku mimi mwenyewe kwa kushuku tena. Lakini hili nimeshalielewa. Ungeweza kujitetea kwa neno moja. Ungesema, naenda kumwosha mgonjwa. Ningekuuliza, mgonjwa gani, kwa nini yeye, kwa nini kila wiki. Ulijua nisingeacha kuuliza. Ukaona bora nikuite mzinzi, nikunyime cheko langu miaka yote hiyo, nikutukane kitandani, kuliko nifike kwenye swali la mwisho, lile la mdogo wangu mezani, na wewe uwe huna pa kugeukia.

Umenilea ukiwa umebeba na hilo. Na mimi nikakuongezea.

Kesho Silivesta atakaa kwenye viti vya familia, mkewe pembeni ya Mama. Nimeshaandika majina yao kwenye viti. Msemaji akiuliza kama kuna wa marehemu ambaye hajatajwa, nitasimama mimi. Nitasema nilimsingizia baba yangu kosa ambalo hakulifanya, na namwomba msamaha mbele yenu wote. Wataniuliza kosa gani, nitawajibu. Wakiniuliza Silivesta ni nani kwetu, nitasema ni wetu.

Wakiuliza kwa nini, nitawaambia, "Kuleni."

Pumzika, Papa. Sitauliza tena.

Mtoto wako wa kwanza,
Fidesi