Kitufe Kilichokaa Mahali pa Mkasi

Chumba cha nyuma, Studio,
Juu ya duka la vioo.
Alhamisi, tarehe 14, mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na shemeji hajambo? Kile kikohozi kimeisha, au bado anakohoa nje ya mlango ili usimpeleke hospitali? Na mgongo wako je, bado pale wodini wanakuachia ugeuze wagonjwa peke yako? Mama kaniambia la mgongo niliulize kabla ya jambo lolote, sasa nimeshaanza na kikohozi. Usimwambie.

Sisi huku wazima. Mama mzima, goti tu linamsumbua akipanda ngazi, na akifika juu anadai ngazi zimeongezwa. Kidoti, mtoto wa kaka, ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki tena kucheka mbele ya watu, anacheka amejifunika na kikombe. Mimi pia mzima, nakula, nalala. Ila situlii. Nikikaa natamani kusimama, nikisimama nasahau nilisimamia nini.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanijua. Wewe unaongea, mimi naitikia, mwisho unauliza kama kuna jipya, nasema hakuna. Safari hii lipo. Bosi anataka tubadilishe programu ya kuediti.

Najua unajiuliza hilo nalo ni la kumnyima mtu raha? Subiri kidogo. Unakumbuka nilivyopata hiki kiti. Mimi nilikuwa mbeba taa tu. Yule fundi wa kuediti akaondoka bila kuaga, Bosi akanionyesha kompyuta akasema kaa hapo, jaribu. Nikakaa. Kioo kizima maneno ya Kiingereza, na mimi na shule tuliachana mapema, Kiingereza kikabaki hukohuko. Nikakupigia simu nikiwa nimejificha nyuma ya pazia la kupigia picha. Ukaniuliza, "Unaona nini?" Nikakwambia naona kitu kama mkasi. Ukasema hicho ndicho cha kukatia. Kingine? Kama kiberiti kimefunguliwa nusu. Hicho cha kufifisha picha. Kingine? Kama sufuria, ina mikono miwili. Ukacheka mpaka mtu wa pembeni yako akakuuliza una nini, halafu ukasema hiyo ndiyo ya mwisho, kazi ikiisha unaitia humo unangoja iive.

Mpaka leo sijui majina yake ya kweli. Mkasi, kiberiti, sufuria. Harusi zote za mtaa huu zimepita kwenye sufuria yako, Dada, na hapa hakuna anayejua kwamba kile kioo sikisomi. Vidole vinajua njia vyenyewe, kama unavyokwenda msalani gizani nyumbani kwenu.

Sasa Bosi kanunua kamera mpya. Picha zake programu yetu inazifungua kwa tabu, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni, na mara nyingine inaganda kabisa, kazi ya tangu asubuhi inapotea. Waliokuwa wanaitengeneza wameiacha, haiongezwi kitu tena. Na kuna binti mpya hapa kazini, tunamwita Miwani kwa kuwa anazo mbili, moja usoni moja kichwani, na zote mbili anazitafuta. Yeye katoka studio nyingine na anajua ile programu mpya tu. Kazi yake mimi siwezi kuifungua, na yangu yeye hawezi. Inabidi tukae kwenye moja.

Basi Bosi akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akasema kwa kuwa mimi ndiye mwenye kiti, nichague mimi. Tukibaki, Miwani atafutiwe kazi ya mapokezi au aende zake. Tukihama, tumehama wote, nisije nikamlilia.

Unaona nilipo. Nikisema tubaki, namfukuza mtu ambaye hajanikosea hata siku moja. Nikisema tuhame, mimi ndiye ninayerudi kubeba taa, maana programu mpya haina mkasi, haina kiberiti, kila kitu ni maneno, na Bosi hawezi kumweka mwenye kiti asiyejua kazi ya kiti. Kuuliza siwezi. Kila nikifungua mdomo namuona Miwani ananigeukia na miwani zote mbili, naufunga.

Ili niamue vizuri Bosi akanipa harusi moja niiediti mara mbili, huku na huku. Ni ya binti wa fundi cherehani wa hapo kona, unamjua, ndiye aliyekupunguzia lile gauni la safari. Nimezimaliza zote, ya programu mpya kwa kubahatisha, vidole vikienda palepale vilipozoea. Ile ya programu mpya imetoka fupi kuliko nilivyotegemea, sijui kwa nini, na sikuuliza. Fundi na mkewe wanakuja kuziangalia leo. Wakishaondoka natakiwa nimjibu Bosi. Nakuandikia huku nawasubiri, na nikikwambia ukweli, jibu ninalo. Nitasema tubaki.

Mlango huo. Ngoja.

Nimerudi, Dada. Ni jioni. Soma taratibu maana na mimi bado vinanizunguka kichwani.

Walikaa kwenye kochi la mapokezi, mke wa fundi kaleta mto wake mwenyewe. Bosi akaanza na ile ya programu mpya bila kuwaambia ni ipi. Mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye hotuba za wazazi. Fundi akaonekana amesimama na suti yake, akasema bila kupumua kwamba huyu ndiye binti yangu, nimemlea, nawashukuru wote, mwanangu haya nenda. Akakaa. Kama mtangazaji wa redio.

Yule fundi wa kwenye kochi akajivuta mbele. Uso umemnawiri. Akasema, "Kumbe niliongea vizuri hivi?"

Mkewe akamwangalia, akaangalia kioo, akauliza, "Huyo nani?"

"Si mimi."

"Wewe? Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, baba. Ulisimama pale mpaka nikakuvuta koti."

Nikaelewa. Kule kwenye programu mpya, pale mkasi wetu ulipokuwa unakaa, pamekaa kitufe kingine. Kidole changu kilikwenda pale chenyewe, kikabonyeza, na maneno ya pale mimi sikuyasoma. Miwani akaniinamia akaninong'oneza kwamba hicho ni cha kuondoa kila mahali ambapo hakuna anayeongea. Kinaondoa kimya chote kwa mkupuo mmoja. Akaniuliza kwa nini nilikitumia. Nikatazama ukuta.

Bosi akaweka ile ya pili, ya kwetu. Huko fundi anasimama, anasema huyu ndiye binti yangu, na hapo anakwama. Mkono wake wa kulia unapanda kifuani, unapapasa koti, unashuka, unapanda tena. Binti yake ameinamisha kichwa, shada la maua limemzibia kidevu. Ukumbi mzima unamngoja. Anakohoa. Anavuta suruali. Mwisho kabisa anasema mwanangu haya nenda, kwa sauti ambayo hata maikrofoni haikuipata vizuri.

Mke wa fundi alikuwa amejishika shavu. Fundi alikuwa anatafuta pa kutazama. Akamwambia Bosi azime. Akasema amesimama kama koti kwenye hanga, na wajukuu hawatakuja kumwona hivyo hata siku moja, wao wanachukua ile ya kwanza. Mkewe akasema ya kwanza akampe mwenye nayo, yeye anataka hii ambayo mume wake yumo. Wakaanza kubishana taratibu, vile watu waliozoeana wanavyobishana, kila mmoja anamjibu mwenzake kabla hajamaliza. Bosi akacheka kile kicheko chake cha wateja, halafu akaona hakisaidii. Akanigeukia mimi. Wewe ndiye uliyekaa nayo, sema.

Dada, ningeweza kusema chochote Bosi anachopenda. Lakini hicho kipande nimekiangalia mara nyingi kuliko mtu yeyote, na nimewahi kusimama dukani kwake kungoja suruali yangu, nikaona anavyofanya mteja akimuuliza swali gumu.

Nikasema, "Mzee, hapo ulikuwa unatafuta pini."

Fundi akatazama kifua chake. Leo alikuwa na shati la kazini, pini zimechomekwa mstari mzima, na mkono wake ulikuwa umeshafika pale, umeshika moja.

"Uliiona hiyo?" akaniuliza.

"Niliiona."

Akaichomoa ile pini, akaichomeka tena palepale. Akasema basi, ya pini iache. Nilipokohoa toa. Na pale nilipovuta suruali toa. Mkewe akasema suruali ibaki. Fundi akasema suruali itoke. Ikakubaliwa suruali itoke.

Wakataka waione papo hapo, wakaingia humu ndani wote, chumba unakijua kilivyo. Nikafungua programu yetu. Nikafika kwenye kikohozi, nikapeleka mkasi, ikaganda. Fundi kaganda kwenye kioo mdomo wazi, na fundi mwenyewe nyuma yangu anauliza kwa upole kama hiyo nayo ni sehemu ya hotuba. Nikaizima, nikaifungua, ikaganda palepale.

Miwani akavuta kiti. Akafungua ile mpya, akashika ukingo wa kipande cha hotuba, akauvuta kidogo. Kimya kikarudi. Chote, Dada. Mkono, koti, binti na maua yake. Nilikuwa nimeamini kwamba kile kitufe kimekitupa, kumbe kilikuwa kimekunjwa tu pembeni, kama upindo wa suruali, kinangoja wa kukivuta. Fundi mwenyewe alitikisa kichwa, akasema hivyo ndivyo anavyofanya na yeye, kitambaa hakati, anakunja.

Miwani akanipa kipanya nimalizie. Na hapo sikuweza. Sikuwa na pa kupeleka mkono. Fundi na mkewe waliporudi kochini na Bosi, nikamwambia kwa sauti ambayo najua aliisikia kwa shida, "Hayo maneno mimi siyasomi."

Akavua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. "Siku zote hizi? Na mimi nilidhani unaringa."

Akaniuliza sasa ile ya zamani niliiwezaje. Nikamweleza kuhusu wewe na simu na pazia. Kwenye sufuria akacheka, lakini kicheko cha kawaida, si kile ninachokiogopa. Akaanza kunionyesha, huku kila kimoja ananiuliza nitakiitaje. Tukafika mbali kuliko nilivyotegemea. Kile cha kuondoa kimya tumekiita Mtangazaji, ili nisikiguse kwa bahati mbaya. Na wakati wa kufunga ofisi nilimsikia anamwambia Bosi kazi ya fundi iko kwenye sufuria. Bosi akasimama mlangoni anajaribu kuelewa.

Aliponiuliza jibu langu nikamwambia tuhame. Akauliza nina uhakika? Nikasema sina, ila tuhame, na maneno ya kile kioo siyajui, Miwani ananielekeza. Nililitoa lote kwa pamoja kabla halijanirudia kooni. Akajikuna shingo. Akasema mpaka mwisho wa mwezi ataona. Kwa hiyo hapo ndipo nilipo, nimesema, na sijui kama kiti bado ni changu. Ndiyo maana mwandiko huu wa chini umepinda, nakuandikia nimesimama.

Jambo moja linanikera kuliko la Bosi. Kesho ile programu ya zamani inaondolewa kwenye kompyuta, na mimi naona kama nahama chumba ulichonipakia rangi wewe. Nisije nikawa nimekuacha wewe humo. Hata jioni hii kidole kimekwenda pale pa mkasi, sijui mara ngapi, nikakirudisha kama mtoto mtundu.

Nisalimie shemeji, mwambie atumie dawa. Wasalimie watoto, na yule jirani yako mwenye paka. Mama anakusalimu na goti lake. Shangazi anauliza kama picha ulizoahidi zimepotelea njiani. Kaka na Kidoti wanakusalimu, Kidoti amebusu karatasi hii hapo pembeni, hilo doa si chai. Mungu akulinde na usiku wa zamu, akutunzie mgongo, na siku moja akurudishe kwa ngazi hizi zilizoongezwa.

Kuna kimoja tu hatujakipa jina, kile anachoshika Miwani kurudisha kimya. Yeye alitaka tumalize, nikamwambia hicho kina mwenyewe. Nimekuchorea nyuma ya karatasi, vile kilivyo.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na nimekukumbuka,

Mbeba Taa.

Geuza. Unaona nini?