Dumu Ulilomsuuzia Mama

Igamba, Mbozi
Jumatano, 11 Juni 2025

Mpendwa kaka Raphaeli,

Shikamoo kaka. Wifi na watoto hawajambo hapo Morogoro? Yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku baridi ya Juni imetushika kweli, asubuhi vidole havikunjiki, lakini tunapumua. Kahawa imeiva na wachumaji hatuna, maana nyumba imevurugika.

Mama anaendelea vizuri. Tangu arudi kutoka hospitali anakunywa uji na kutembea hadi mlangoni. Hayo umeshayasikia kwenye simu. Haya mengine hujayasikia kwa sababu simu ni ya baba, na baba akipiga lazima nyumba nzima isikilize. Ndiyo maana namkabidhi Andongwisye barua hii, anakuja huko na lori. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu.

Kaka, Jumapili baada ya ibada baba na baba wadogo wanakaa kikao. Wanataka kumrudisha Irene kwao Msangano. Eti alimtilia mama sumu kwenye togwa! Irene huyu huyu, mke wa mdogo wetu Luka, aliyembeba mama mgongoni hadi barabarani povu likimtoka mdomoni. Jamani, muuaji gani huyo?

Togwa alipika Irene, sikatai. Lakini sote tulikunywa ya chunguni, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Ya mama ilitiwa kwenye dumu la bluu ili aende nayo kuchuma kahawa. Dumu hilo alilitoa stoo mama mwenyewe, baada ya lile la siku zote kupasuka. Unalijua, kaka. Ndilo lililokuwa na dawa ya wadudu uliyopulizia kahawa wakati wa Pasaka. Nilikuambia tulitoboe tulifukie, kama bwana shamba anavyotuhimiza kila mwaka. Ukacheka, ukasema tunapenda kutupa vitu vizima. Ukalisuuza kwa mchanga na sabuni, ukampa mama. Naye akafurahi kama kapewa kitenge. Mwanawe mwalimu amesema limetakata, nani tena wa kumbishia?

Sisemi ulikusudia. Ulitaka kumfurahisha mama, basi. Lakini tazama lilipotufikisha.

Baba nimemweleza yote. Akaniuliza, "Mama yako anasemaje?" Tukaenda naye kwa mama, na mama akageukia ukutani. Baba akatoka akilalamika kwamba namtetea wifi yangu kwa kuwa tunachota maji pamoja. Tulipobaki wawili mama akanishika mkono.

"Atuganile, usimguse Raphaeli. Ndiye mzaliwa wangu wa kwanza, aibu yake ni yangu. Irene bado kijana, ataolewa kwingine."

Mama nampenda, Mungu anajua, lakini siku ile nilishindwa kumtazama usoni. Akanikataza nisikuandikie. Nimeandika.

Irene mwenyewe hawezi kujitetea. Unajua mila tuliyotoka nayo Ileje, mkwe hasimami mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Yeye si wa kabila letu lakini anaishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Baba akipita uani, anakimbilia nyuma ya jiko. Sasa baba wadogo wanasema, mnaona, dhamiri inamsuta! Na Luka, mwanaume mzima, amenywea. Anachuma kahawa tangu asubuhi, ukimuuliza anasema wazee wataamua.

Kwa hiyo mpigie baba kabla ya Jumapili. Usimzungushe kwa maneno ya shuleni. Mwambie dumu ulilisuuza wewe, na mama ulimpa wewe. Atafoka, na baba akifoka unamjua, lakini wewe hatakurudisha popote. Wewe utabaki mwanawe.

Baba anakusalimu. Luka anakusalimu, na shangazi Gwantwa anauliza utakuja lini. Mama anakusalimu sana, anasema usihangaike, yeye mzima. Irene hana salamu, hajui kama nakuandikia. Ameshafunga nguo zake kwenye kanga, anangoja tu kuambiwa siku ya kuondoka.

Mungu awalinde wote hapo, na wewe akupe mdomo wa kusema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kwa hasira hizi,

Atuganile