Korongo wa Mguu Mmoja

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Na Mama, bado anakutania? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inataka kutapika.

Jana Bosi alinituma stoo ya nyuma nilete maboksi. Nikakuta madishi ya plastiki yamejaa tindikali, na ndani yake visu vya kiwandani vimelala kama samaki waliooza. Kijana wa stoo huchora kwa rangi mawimbi kama yale ya tabaka zako za chuma, huzamisha, huosha, basi: tabaka tayari. Kisha Bosi huvipanga mbele ya duka, na wateja hupapasa ile michoro kwa vidole vyenye mafuta huku wakiguna kwa utamu. Kikadi kinasema: "Kimefuliwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka." Vikadi naandika mimi, Baba. Nilidhani naandika habari za visu unavyofua wewe.

Nilichukua kimoja nikakisugua kwa chuma cha kusugulia sufuria. Mawimbi yakatoka yote. Unakumbuka Mama anavyosema, "Nyumba hii wote tunafua, ila zangu hutakata"? Basi hiki nacho kimefuliwa, kama shati, na rangi imechuja.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni chapa. Kina korongo wako. Mtu ameiga chapa yako, Baba. Niambie tufanye nini.

Binti yako

---

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, anasema chuma cha kusugulia ni cha sufuria, si cha mali za watu.

Mwanangu, duka ni duka. Huyo mzee, bosi wako, amenunua visu vyangu tangu hujaota meno, na kazi umeipata kwa sababu hiyo. Wewe andika vikadi vyako, ule, ulale. Korongo ni ndege tu, wapo wengi. Usiende kuuliza-uliza.

Huku mvua imeanza. Paa la karakana linavuja palepale.

Baba yako

---

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sitauliza habari za afya, kwa sababu nadhani sasa nazijua.

Nilipokuja likizo, chapa ilikuponyoka ikaangukia chuma cha fuawe, mguu mmoja wa korongo ukavunjika. Ukacheka: "Akichoka husimama kwa mmoja." Tanuri lilikuwa baridi wiki nzima, ukasema mkaa ni mbichi. Nikaamini.

Korongo wa dukani ana mguu mmoja.

Hakuna aliyeiga. Chapa yenyewe iko hapa, kwenye droo ya Bosi, kati ya vijiti vyake vya kuchokonoa meno. Nimeiona. Ulimpa.

Ulinifundisha kwamba chuma kigumu hukaa katikati na chuma laini hukikumbatia huku na huku, na kwamba uchafu ukiingia kati, hata kidogo, tabaka hazishikani. Zitakuchekea usoni, kisha zitaachana siku mtu anakata mfupa. Nilikuwa naomba nyundo, unanipa mvukuto nipulizie moto. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," ulisema, "na chapa hii itakungoja." Nimevukuta miaka yote hiyo nikiingoja.

Sasa hata mikono yangu inanuka tindikali. Nanawa, inanuka. Nachukia hili duka, nachukia mwandiko wangu, na leo nakuchukia wewe.

Binti yako

---

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, hata kama hukuisema kwa moyo.

Bega limekufa. Nikiinua nyundo, mkono unatetemeka kama wa mlevi. Kisu cha mwisho nilikifua mwaka jana. Tabaka ziliachana nikiwa bado nimekishika kwa koleo. Nikakitupa chooni ili mama yako asikione. Akakiona vilevile, maana hakuna kinachomkwepa.

Mzee alipokuja kuchukua mzigo, sikuwa na mzigo. Kusema "siwezi tena" kulinishinda. Akaniambia, "Nipe chapa tu, jina lako lisife." Nikampa. Niliona heri watu waseme bado nafua.

Nikikumbuka, natema mate. Lakini sijui nimtemee nani.

Baba yako

---

17 Juni

Baba,

Shikamoo.

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nikianza, naandika matusi.

Leo nimeacha kazi. Nimechukua chapa. Bosi alinikuta nimeishika, akasema, "Wee binti, hicho ni chuma tu." Nikamwambia basi hatapungukiwa kitu. Akanifuata mpaka mlangoni akinukia marashi na hasira, lakini hakunigusa. Vikadi vyote nilivyoandika nimevitumbukiza kwenye tindikali yake.

Sijakusamehe. Bado nikifikiria ile droo, natema mate. Ila bega langu ni zima, na nakuja. Washa tanuri. Safari hii nyundo naishika mimi, na korongo nitamgonga mwenyewe.

Binti yako

---

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mkaa upo, mkavu. Paa nimeliziba. Mama yako anasema sasa atakuwa na wafuaji wawili wachafu, na nguo zao zitamshinda.

Chapa iache mkobani. Huigongi popote kwanza. Tuone kama tabaka zako zitashikana.

Mimi nitavukuta.

Baba yako